Kibali Kitafuata

Sibwesa,
21 Januari 2024

Mdogo wangu Emerensiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku tunalala na kuamka, Mungu ni mwema. Mama hajambo, isipokuwa goti lake, linamsumbua mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua haikaribii, imehamia kabisa. Scola ameingia kidato cha pili. Amenizidi urefu na anajua kwamba amenizidi. Anasema nikukumbushe kamusi uliyomwahidi. Mahindi yamefika kiunoni. Mpunga bado tunapandikiza kule bondeni, mgongo wangu ndio unajua.

Ndege wako wamefika. Lori lilikwama mtoni, wanaume wakavibeba vizimba vidogo kichwani mpaka ukingoni mwa msitu, kwenye kile kizimba kikubwa mlichojenga. Mimi nilifikiri unaleta ndege wa kushangaza macho. Kumbe ni wa kijivu tu kama majivu ya jana, mkia ndio mwekundu. Lakini mama tulipompeleka kuwaona, alishika wavu akawaangalia. Baadaye akasema alipokuwa msichana kasuku hawa walikuwa wanapita juu ya nyumba kila asubuhi, makundi kwa makundi, wanapiga mluzi. Wakaja watu wa kutega kwa ulimbo, wakawa wanawabeba kwenye magunia, mpaka siku moja akaamka akaona asubuhi iko kimya. Akasema, "Huyu mtoto amefanya jambo." Huyo mtoto ni wewe. Nakuandikia ujue, maana mbele yako hatasema.

Telesfori ndio usiseme. Mizinga yake ya nyuki amemwachia mdogo wake, yeye anashinda na ndege. Anawapasulia karanga, anawakatia matawi ya matunda ya porini, anawapigia mluzi nao wanamjibu. Akirudi nyumbani maneno yote ameyamalizia huko, mimi napewa "mm" na "eeh". Nikamwambia, "Basi na mimi nivae mkia mwekundu." Alicheka siku mbili. Kijijini wanamwita Bwana Ndege, anajifanya hapendi. Ahsante kwa kazi uliyomtafutia. Tangu tuoane sijamwona mume wangu anaamka na furaha namna hii.

Mtandao wa simu ni ule ule wa kupanda kilimani, na mimi kilima siwezi. Kwa hiyo nitakuwa naandika na kumpa Pontien wa basi. Ukiwa na la haraka mpigie Telesfori, yeye hupanda kila Jumapili baada ya misa.

Dada yako akupendaye,
Romana


Arusha,
16 Februari 2024

Dada yangu Romana,

Milele amina. Barua yako nimeisoma ofisini nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu akauliza kuna nini. Mimi mzima, ila baridi ya hapa imenipa mafua yasiyoisha. Kamusi ya Scola imo kwenye mfuko alionao Pontien, pamoja na dawa ya kuchua ya mama. Mwambie mama maneno yake yamenifikia, na kwamba nimeyaweka.

Dada, watu wanafikiri kurudisha ndege msituni ni kufungua mlango wakaruka. Laiti. Kuna kibali cha kuwatoa kituoni, kuna cha kuwasafirisha, kuna cha afya, kuna cha kuwafungua. Kila kibali kina ofisi yake, na kila ofisi ina mtu aliyekwenda semina. Mimi ndiye mratibu, maana yake kila anayekosea, kosa linalala kwangu. Mwezi wa tano wafadhili wanakuja kushuhudia ndege wakifunguliwa. Kuna mkoa mwingine unautaka mradi huu, wanasubiri tuteleze tu. Hawa ni kasuku waliokamatwa kwa walanguzi, wengine waliokolewa wamefungwa midomo kwa uzi. Wakishindwa na hapa, sijui watapelekwa wapi tena.

Telesfori amenipa habari kwamba baadhi wameacha kula. Usimwambie mtu. Ndege akihamishwa hushikwa na ugeni kama binadamu. Mwambie Jumapili ya tarehe ishirini na tano apande kilimani hata kama mvua inanyesha, nina neno naye. Asitume mtu, apande mwenyewe.

Msalimie Scola, busu kwa mama.

Mdogo wako,
Emerensiana


Mpanda mjini,
5 Machi 2024

Mdogo wangu Emerensiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo salamu nitazifupisha, utanisamehe. Mama hajambo, Scola hajambo. Telesfori amekamatwa.

Naandika nimekaa kwenye benchi la muuza chai hapa Majengo. Alhamisi iliyopita aliondoka nyumbani alfajiri kwa bodaboda, nyuma amefunga tenga la kuku lililofunikwa kitenge changu. Ndani walikuwemo kasuku wanne, wamelegea, mavi maji matupu, manyoya yanadondoka. Nilimuuliza, "Unawapeleka wapi hawa?"

Akasema, "Kwa daktari wa mifugo Majengo. Shemeji ameshaongea naye."

"Na karatasi?"

"Shemeji amesema kibali kitafuata. Amesema nisimwambie mtu, nifike, watibiwe, nirudi."

Kwenye kizuizi cha mazao, kabla hujaingia mjini, askari wakafunua kitenge. Wakamuuliza karatasi, akawaambia kibali kitafuata. Walicheka, anasema. Sasa yuko mahabusu, kesi inaitwa nyara za serikali, dhamana hakuna. Ndege wawili wamekufa kituo cha polisi. Hao nao wanahesabiwa kwake.

Daktari nimemfuata mwenyewe. Anasema hamjui Telesfori, na wewe hakujui. Alikuwa ananiambia hivyo huku anapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Hapa mjini mtandao upo. Nimekupigia jana kutwa, na leo tangu asubuhi. Simu inaita, hushiki. Nimejiambia labda uko kwenye mkutano.

Emerensiana, jambo lenyewe si kubwa. Askari mpelelezi mwenyewe aliniambia, "Mama, huyo mratibu akija akasema alimtuma, hapa wizi hakuna, kuna uzembe wa karatasi tu." Basi njoo. Au andika, upige muhuri wa ofisi. Telesfori hana wasiwasi, anauliza tu ndege waliobaki nani anawalisha. Nimemwambia, "Eme atakuja wiki hii."

Dada yako,
Romana


Arusha,
11 Aprili 2024

Kwako dada Romana,

Ni matumaini yangu kwamba sikukuu ya Pasaka mmeisherehekea kwa amani na afya. Sisi huku mvua za masika zimeanza kwa nguvu, barabara nyingi zimeharibika, na shughuli za ofisi zimeongezeka kwa kiasi ambacho siwezi kukueleza. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa safarini, halafu niliugua.

Habari za shemeji zimenishtua na kunihuzunisha mno. Kama unavyojua, jambo liko tayari kwenye vyombo vya sheria. Mwanasheria wa shirika ametuelekeza tusilizungumze wala kuliandika popote, kwa faida ya shemeji mwenyewe. Tuwe na subira, sheria ichukue mkondo wake.

Shemeji ni mtu mwema, hakuna anayebisha. Lakini dada, unaijua simu ya kule kilimani, maneno hukatika. Inawezekana alisikia nusu, nusu akaijaza mwenyewe kwa nia njema. Mimi niliongea naye mambo mengi ya kazi, siwezi kukumbuka kila neno. Tafadhali, mambo ya simu usiyataje tena kwenye barua.

Ndege waliobaki wamepona, tumeweka mlishaji mwingine kwa muda. Nimempa Pontien sukari, mafuta ya kupikia na kitambaa cha mama. Mwezi wa tano nakuja kwa ajili ya ile shughuli, tutakaa tuongee vizuri.

Wako,
Emerensiana


Sibwesa,
30 Aprili 2024

Emerensiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama hajambo. Naanza na mama makusudi.

Mpelelezi aliniita Mpanda. Wameona namba yako kwenye simu ya Telesfori, Jumapili ile, mmeongea muda mrefu. Wakakuuliza. Akanisomea maelezo uliyoandika na kuweka sahihi. Umesema mliongea habari za mama. Kwamba alikuwa mgonjwa sana, ukawa unamwelekeza shemeji namna ya kumfikisha hospitali. Mpelelezi akaniuliza, "Mama yenu alilazwa wapi?" Nikashindwa kusema hakulazwa, maana ningekutia wewe matatani. Nikashindwa kusema alilazwa, maana ningemzika mume wangu. Nikasema goti linamsumbua. Akaandika goti.

Niliporudi mama alikuwa anachambua mchicha. Sikutaka ajue, ila Scola nilikuwa naye kule, akamwambia kabla sijavua viatu. Mama akachambua mpaka mchicha ukaisha. Halafu akauliza, "Alinipa ugonjwa gani?" Jioni akauliza tena.

Ulimpa ugonjwa gani, Emerensiana? Niandikie nimjibu.

Unasema maneno ya kilimani hukatika. Mimi nilikuwa jikoni Telesfori aliporudi siku ile, ameloa mpaka mifupa. Alinieleza neno kwa neno, jina la daktari, duka lake liko upande gani wa soko. Mtu aliyesikia nusu hajui duka liko upande gani.

Sukari, mafuta na kitambaa vimefika. Vimerudi na Pontien huyo huyo.

Romana


Sibwesa,
26 Mei 2024

Emerensiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama anakusalimu. Amesema nikuandikie hivyo, nami naandika.

Mwenyekiti wa kijiji alipita kuchagua wanawake wa kuwapikia wageni. Mimi nikawamo kwa sababu sufuria kubwa la jumuiya liko kwangu. Angeweza kulichukua sufuria akaniacha, nadhani aliona aibu. Wenzangu waliniambia nikatae. Sikukataa. Nilijua utakuja, na nyumbani nilikuwa na wasiwasi hutafika.

Nilikuona unashuka kwenye gari. Umekonda. Nikasema moyoni, na yeye halali. Nilikuonea huruma, nakuambia kweli, mwiko mkononi, moshi machoni, nikakuonea huruma.

Halafu ukapewa kipaza sauti. Uliwashukuru wafadhili, ukamshukuru mgeni rasmi, ukaushukuru ushirikiano wa wanakijiji. Ukasema, "Na tumefika hapa pia kwa sababu tulichukua hatua kali dhidi ya waliotaka kuuhujumu mradi huu." Watu wote wa Sibwesa wakageuza shingo kuniangalia. Hata wale waliokuwa nyuma ya hema walisogea waone uso wangu. Nilikoroga wali. Wali haukorogwi, Emerensiana, unajua, lakini mikono ilitaka kazi.

Mlango wa kizimba ukafunguliwa. Ndege hawakutoka. Wageni wamesimama na simu zao juu, mikono inawauma, ndege wamekaa kwenye fito wanaangalia. Yule mliyemweka badala ya Telesfori alipiga makofi, akatikisa wavu, wapi. Ule mluzi Telesfori aliokuwa anawaitia kwenye matunda, hakuna aliyemfundisha. Mimi naujua. Nimeusikia zaidi ya mwezi kila asubuhi, hata Scola anaweza kuupiga. Midomo yangu ilishakaa tayari. Nikanyamaza. Nikasema, na mimi leo nijaribu kunyamaza, nione mtu anajisikiaje. Baadaye sana mmoja akatoka, wengine wakamfuata, watu wakapiga vigelegele. Ni wazuri, siwezi kusema uongo. Ile mikia juu ya miti ni mizuri.

Wageni walipokuwa wanapiga picha nikakufuata. Nikasema, "Eme."

Ukasema, "Dada, si hapa."

"Basi nyumbani. Mama amekutandikia."

Ukaangalia gari. "Tunalala Mpanda, ratiba imebana. Nitarudi."

Mama mmoja wa Kizungu, katika wale wafadhili, akauliza kwa Kiswahili chake, mimi ni nani. Ukamjibu, "Ni mmoja wa mama zetu wa jikoni."

Nikampakulia. Akasema, "Asante mama, tamu sana."

Mama hakutandua kile kitanda mpaka juzi.

Romana


Arusha,
7 Julai 2024

Dada Romana,

Salamu kwa mama, na kwa Scola.

Nimeianza barua hii mara nyingi, nikaichana. Maneno ya kwenye kipaza sauti niliandikiwa. Niliyaona pale pale karatasini, nikayasoma kabla akili haijafika. Lile neno la jikoni hakuniandikia mtu. Silali kwa ajili yake. Sina la kujitetea.

Lakini naomba unisikilize kidogo. Tuseme yuko mtu, amepewa roho za viumbe mkononi. Viumbe hao wanaanza kuugua. Akitoa taarifa, utaratibu unasema ikishukiwa ni tauni ya ndege wote wauawe na kufukiwa shimo moja, wazima kwa wagonjwa. Miaka sita ya kazi, shimo moja. Huyo mtu anatafuta njia ndogo, ya pembeni, ya kupona wote. Njia inaharibika. Sasa akisema, mradi unafungwa, ndege wanarudishwa vizimbani, walinzi na familia zao wanakosa kazi, na wale walanguzi wanarudi na ulimbo wao. Akinyamaza, mtu mmoja anasubiri. Anasubiri tu, hajafungwa. Wewe ungechagua nini?

Wafadhili wanapokea ripoti mwezi wa tisa. Wakishaipokea, mradi umesimama, hakuna wa kuung'oa. Hapo huyo mtu atakuwa huru kusema lolote, kwa yeyote. Ni miezi miwili, dada. Shemeji ni mvumilivu, mimi namjua. Mwambie avumilie.

Mdogo wako,
Emerensiana


Arusha,
19 Septemba 2024

Dada yangu Romana,

Tumsifu Yesu Kristo. Hukunijibu. Kila basi la Mpanda likiingia nilikuwa stendi, Pontien ananiona kwa mbali anatikisa kichwa. Mama hajambo? Scola amefanya mitihani?

Ripoti imepokelewa. Sasa nakuandikia bila ya "tuseme". Nilimtuma Telesfori. Niliongea na daktari kwanza, nikampigia shemeji, nikamwambia awachukue wale wagonjwa kwenye tenga, awafunike, asimwambie mtu, kibali kitafuata. Aliniuliza mara mbili, "Shemeji, una hakika?" Nikamjibu, "Mimi ndiye mratibu." Yale ya mama niliyatunga mbele ya mpelelezi, mdomo ulitangulia. Ugonjwa sikumpa wowote. Sikuwa nimefika huko.

Na kuna hili. Haikuwa tauni. Majibu ya maabara yalikuja mwezi wa nne, siku chache kabla ya kukuandikia ile barua ya Pasaka. Zilikuwa karanga, zimeota ukungu, zile tulizowaletea kutoka huku. Kama ningetoa taarifa siku ya kwanza, wangebadilishiwa chakula, basi. Nilijua hivyo nikasimama kwenye hema nikasoma ile karatasi.

Nimemweleza mkurugenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ni heri niandike mwenyewe barua ya kuacha kazi kabla hajalazimika kuniandikia yeye. Nimeiandika. Vitu vyangu viko kwenye sanduku moja.

Nakuja Mpanda tarehe kumi na nne mwezi ujao. Nitakwenda moja kwa moja kwa hakimu, nitasema yote kwa kiapo, wanifanye watakavyo. Ila nataka kwanza neno lako, hata mstari mmoja. Mwambie shemeji nakuja.

Mdogo wako,
Eme


Kasokola,
2 Oktoba 2024

Emerensiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama hajambo, goti limetulia kwa sababu ya kiangazi. Scola amefanya mitihani vizuri. Anwani umeiona juu, hatuko Sibwesa tena. Tumekodi shamba huku Kasokola, udongo ni mwekundu, unashika jembe, lakini tutauzoea.

Telesfori yuko nyumbani.

Barua yako ya mwezi wa saba ilipofika nilikwenda kumwona gerezani. Alikuwa na upele mwili mzima, anajikuna huku anaongea. Akauliza, "Shemeji ameandika?"

Nikasema, "Ameandika."

"Anasemaje?"

"Anasema wewe ni mvumilivu."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Akasema, "Hajakosea." Muda ulipoisha akaniambia, "Mama Scola, mimi nataka kuja nyumbani."

Wakili alikuwa ameshamweleza. Ukikana utasubiri, na shahidi wako ni mmoja, naye haji. Ukikiri, kuna kuzungumza na upande wa mashtaka, unalipa faini unatoka. Mwanzoni alikataa. Alisema hawezi kukiri wizi wa ndege aliokuwa anawalisha kwa mkono wake. Baada ya siku ile hakukataa tena. Lile bonde la mpunga tukaliuza, na nyumba. Mnunuzi alitupa wiki moja ya kuhama.

Nilikuwepo mahakamani. Hakimu alimuuliza, "Ulikusudia kuwauza?"

Akasema, "Ndiyo, mheshimiwa."

"Kumuuzia nani?"

Emerensiana, hilo hakuwa amelifikiria. Mtu asiyezoea uongo huandaa mmoja tu, wa pili unamkuta mikono mitupu. Aliangalia dari, akaangalia viatu vyake, akasema, "Watu." Hakimu akaandika. Waliokuwa nyuma yangu wakaguna, wakaona anaficha wenzake.

Amekatazwa kukanyaga msitu ule. Mizinga yake imo humo humo, mdogo wake amesema atamrinia asali, lakini si sawa, unajua. Kule Sibwesa watoto walikuwa wanampigia mluzi akipita njiani. Ndio maana hata nyumba ingebaki tusingekaa.

Sasa unataka kuja kusema ukweli kwa kiapo. Nilimsomea Telesfori barua yako yote, hata pale pa karanga. Pale pa karanga akaniambia nirudie. Halafu akatoka nje. Nimekwenda kwa wakili nikamuuliza. Akasema mume wangu amekiri mwenyewe, kwa mdomo wake, na kesi imefungwa. Ukija kusema alitumwa, ina maana aliidanganya mahakama alipokiri. Inaweza kufunguliwa upya, na ikifunguliwa hajui itaishia wapi, wala hajui kama Telesfori atasubiri akiwa nyumbani au akiwa ndani. Kwa hiyo usije kusema. Ulinyamaza tulipokuwa tunakuomba useme, sasa tunakuomba unyamaze. Hiyo kazi unaiweza.

Umeacha kazi, nimesikia. Sijui ulitaka nikuambie nini. Pole.

Juzi redio imetangaza kwamba kasuku wawili wamepata tundu kwenye mti mkubwa huko msituni na wameatamia, wa kwanza tangu wafunguliwe. Telesfori alikuwa anakula. Aliinuka akazima redio, akarudi akamalizia ugali. Mama akasema, "Si ungeacha tusikie."

Jumapili ya kwanza ya Desemba Scola anapata kipaimara Mpanda. Anataka uje, anasema mama mdogo lazima awepo. Sikumkatalia. Basi njoo. Tutakupokea stendi. Tutakuchinjia kuku, utalala kitanda cha Scola, Telesfori atakuita shemeji na atakuuliza habari za safari. Hakuna atakayekugusia neno, nimeshawaambia. Zamani ukija kwangu hata maji hujanywa umeshashika jembe langu, unanipalilia vibaya mpaka tunagombana shambani tukicheka. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Safari hii kaa kwenye kiti. Hata ukikaa mwezi, jembe hatutakupa.

Mke wa Telesfori,
Romana